UCHANGANUZI: Ujirani wa kisheria Singapore una gharama yake

WATU wapatao milioni sita wamesongamana Singapore, taifa la kisiwa lisilofikia kilomita mraba 750. Wengi wa raia wake huishi katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa na serikali, Mchina akipakana ukuta na Mmalai au Mhindi.

Ujirani huo haukuja kwa bahati. Fujo za 1964 baina ya Wachina na Wamalai ziliua zaidi ya watu 30, na serikali ilipoona jamii hizo zimeanza tena kujitenga kimitaa, iliweka viwango mwaka wa 1989: katika kila jengo, Wachina wasizidi asilimia 87, Wamalai 25.

Lakini mzigo haulingani. Kiwango cha Wachina kikishajaa, Mmalai anayeuza nyumba katika jengo hilo hawezi kumuuzia Mchina, ilhali Wachina ndio takriban robo tatu ya wenyeji. Hungoja, au hupunguza bei ya mali ambayo pengine ndiyo akiba kuu ya familia. Serikali yenyewe imekiri tatizo hilo. Tangu 2022 hukubali kununua nyumba za baadhi ya waliokosa wateja. Viwango vyenyewe havijaondolewa, kwani viongozi wanahofia mitaa ya kabila moja kuliko malalamiko ya wauzaji.