Kabla ya Kumlaumu Mgonjwa, Saa ya Simu Ikaguliwe

Mchimbaji wa dhahabu wa Kahama au Geita anayeugua kifua kikuu cha kawaida hutakiwa kumeza dawa kwa takriban miezi 6 bila kukatiza. Wapo wanaotegemea kalenda ya simu iwakumbushe siku ya kliniki. Wasipofika, huitwa wazembe, ilhali huenda kosa ni la hesabu ya saa.

Saa 2 asubuhi ya Kiswahili ni 08:00 katika simu. Aliyeweka 02:00 huamshwa saa 8 usiku, akazima kengele, na asubuhi hakumbushwi tena. Aidha, simu yenye mpangilio wa Kimarekani husoma 5/11 kuwa Mei 11, si Novemba 5. Simu isiyofuata majira ya Afrika Mashariki nayo hulia wakati usiofaa.

Si haki, basi, kumkaripia mgonjwa kabla ya kukagua simu yake. Mhudumu aandike kwenye kadi saa kwa namna zote mbili, mwezi autaje kwa jina, na kikumbusho kijaribiwe mgonjwa angali kliniki. Kazi hiyo ni sehemu ya tiba, kwani dawa ikikatizwa, vimelea huweza kuwa sugu.