Hospisi ya Zombe iwe nyumbani kwa mgonjwa

Mgonjwa wa demensia, ule ugonjwa wa kusahau, hafi kwa kusahau. Hufa kwa kupaliwa na uji, kwa nimonia, kwa vidonda vya mgongo. Ubongo ukichakaa, hata kumeza husahaulika.

Katika vijiji vya Zombe, mashariki mwa Kitui, anayeyajua haya ni binti au mkaza mwana aliyebaki nyumbani. Wengine wako Nairobi na Mombasa. Wanatuma pesa kwa M-Pesa, na tunawashukuru, ila M-Pesa haimgeuzi susu, yaani nyanya, kitandani saa nane usiku.

Hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, si jambo geni Kenya. Ile ya Nairobi ilianza mwaka 1990, katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Lakini huduma hii imewaendea zaidi wagonjwa wa saratani, ambao wengi wao waweza kusema wanapoumia. Susu hasemi. Hukunja uso, huguna, humpiga anayemwosha, nasi tunasema amekuwa mkali. Wapo wanaosema ni uchawi, na neno hilo limewahi kumwaga damu ya wazee nchini humu.

Hatuombi jengo. Jengo mjini Kitui litamfaa nini mtu asiyeweza kukaa juu ya bodaboda? Tunaomba nesi aliyefunzwa, pikipiki yenye mafuta, na dawa iliyoandikwa na daktari: panadol kwanza, na maumivu yakizidi, morfini ya maji. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba, na tangu 2023 serikali imewapa mikoba ya vifaa. Wafunzwe na haya: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, alishwe akiwa ameketi wima, kijiko kimoja kimoja, na akikataa asilazimishwe. Mpira wa kulishia kupitia puani haumrefushii maisha mgonjwa aliyefika hatua hii. Familia iambiwe hivyo mapema, kabla haijauza ng'ombe.

Wasemao wahudumu wa vijijini hawauwezi ugonjwa huu watazame Makueni, ambako watafiti wa afya ya akili wamefanya kazi na wahudumu hao hao kuwatambua wenye demensia na kupunguza unyanyapaa.

Anayeuguza naye ahesabiwe. Shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi, kwa mzee aliyetimiza miaka 70, haziwezi kununua chakula, sabuni na nepi za mwezi mzima, na hazimpi binti huyo usingizi hata wa usiku mmoja. Ndugu walio mjini wapange zamu, waje wenyewe.

Bajeti itakapofika mbele ya Bunge la Kaunti ya Kitui, mwakilishi wa wadi asimame aulize: fungu la nesi wa kuwazuru wagonjwa hawa majumbani liko ukurasa gani? Kama halipo, asiipitishe kimya kimya.