TAA YA OILI NA MSHAHARA WA DEREVA



Labda mtashangaa kuona mtu wa reli akiandika habari za magari madogo. Lakini katika majumba yetu ya Kaloleni, Makadara na Buruburu, watu wengi siku hizi hula kwa usukani: wa teksi, wa matatu, wa gari la tajiri la kupelekea bidhaa madukani. Na jirani yangu mmoja anakatwa mshahara kwa ajili ya taa moja ndogo. Basi nimeona siwezi kunyamaza.

Taa yenyewe ni ile ya kumkumbusha dereva kwamba wakati wa kubadilisha oili umefika. Katika magari mengine ni picha ya spana, katika mengine ni maneno, na katika mengine ni hesabu inayopungua kutoka 100 mpaka 0. Watu wengi hudhani ya kuwa taa hiyo huonja oili. Sivyo. Katika magari mengi ni karani wa kuhesabu tu, naye huhesabu kilomita tangu siku aliporudishwa kwenye sifuri. Kuna makarani wenye akili zaidi, kama wale ambao General Motors ya Marekani ilianza kuwatia katika magari yake mwishoni mwa miaka ya 1980, ambao hutazama pia mizunguko ya injini na joto lake. Hata hao hawajui kama oili iliyomo ni mpya au ni ile ile nyeusi ya mwaka jana. Huamini mkono wa mtu.

Na mkono huo hauna kazi kubwa. Katika Toyota nyingi zenye taa hiyo, mita huwekwa kwenye ODO (nyingine hutaka TRIP A), ufunguo huzimwa, kisha unakibonyeza na kukishikilia kitufe cha mita huku ukirudisha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Unashikilia tu mpaka sifuri zitokee. Nusu dakika imetosha. Hakuna nati iliyofunguliwa, hakuna tone lililomwagwa, na gari sasa linashuhudia kwamba oili ni mpya!

Ndivyo ilivyompata jirani yangu. Taa iliwaka, akamwambia tajiri wake, tajiri akampeleka mtu mwingine na gari kwa fundi. Likarudi jioni, taa imezimika, akaambiwa tayari. Akaendesha wiki baada ya wiki, na mnaijua Jogoo Road asubuhi, injini inanguruma saa nzima na gari halijafika popote. Ile mita ya kilomita haihesabu joto la kusimama namna hiyo. Mwishowe injini ikaanza kugonga, ikakwama. Ilipofunguliwa, oili ilikuwa kama lami na filta ni ya zamani. Lawama ikamwangukia nani? Dereva, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa kitini.

Kwetu relini kuna desturi ya zamani sana. Mtu akiingia chini ya behewa kutengeneza, huweka bendera au kibao cha kukataza lisisogezwe, na anayekiondoa ni yule yule aliyekiweka, baada ya kutoka. Mkubwa hawezi kukiondoa kwa sababu ana haraka. Naona taa ya oili ingefaa ishikwe kwa sheria hiyo hiyo. Aliyemwaga oili ndiye azime taa, na aandike katika daftari tarehe, kilomita na jina lake. Dereva naye asikubali kupokea gari kwa neno la mdomo. Avute kile kijiti cha kupimia aitazame oili, aulize filta ya zamani iko wapi. Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa, na mafundi waaminifu tunao wengi tu pale Kariobangi.

Liko kosa la pili, la oili kubadilishwa kweli na taa kusahauliwa. Hilo huonekana dogo, lakini dereva huzoea kuona taa inawaka kila siku, akaacha kuiangalia. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na maandishi yake ni ya kwao, tumeshazoea kutoyasoma. Hata yule mama anayesema kila ukiwasha gari, anadai kadi ya kulipia barabara za huko, nasi tunamwitikia tu. Lakini ikiwaka taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, injini ikiwa inafanya kazi, hiyo si karani. Ni kwamba oili haisukumwi inavyotakiwa. Simama mahali pa salama, zima injini mara moja, hata kama tajiri anapiga simu.

Sasa habari ya fedha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameacha wajibu wake kwa makusudi. Kwa makusudi, ndugu zangu. Dereva aliyetoa habari ya taa, akarudishiwa gari na kuambiwa ni tayari, amekusudia nini? Na akitaka kufukuzwa kwa kosa, kifungu cha 41 kinampa haki ya kusikilizwa kwanza, akiwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama pamoja naye. Madereva wengi hawajui haya, huweka sahihi kwenye karatasi ya kukatwa kwa kuogopa.

Jirani yangu aliweka sahihi. Amekwisha katwa miezi miwili. Jumamosi nakwenda naye kwa katibu wa tawi lao, amechukua karatasi zake za mshahara, na ile filta ya zamani ameifunga katika gazeti.

Mfanya kazi wa Reli, Kaloleni