Harrier na Mfuko wa Mwalimu wa Sigor

Katika soko la Sigor, huku Chepalungu, kaunti ya Bomet, Toyota Harrier imekuwa kipimo cha mtu aliyefaulu. Mwalimu akilinunua gari hilo, wanafunzi humtazama kwa jicho jingine. Asipolinunua, huulizwa mkopo wa chama cha ushirika anautunzia nini. Ipo haja ya kulipima kwa mizani ya haki, maana wanaolisifu hawalichunguzi na wanaolibeza aghalabu hawajapata kuliendesha.

Jina lenyewe ni la ndege wa jamii ya kipanga, na kwa miaka mingi ndege huyo ndiye aliyekuwa nembo yake. Gari lilizinduliwa Japani mwaka 1997, na ng'ambo likauzwa kwa jina la Lexus RX. Kizazi cha tatu, cha mwaka 2013, kiliachana na Lexus kikajengwa juu ya msingi mmoja na RAV4. Hiyo ni faida kubwa kwa mnunuzi wa Bomet, kwani vipuri hupatikana na mafundi wetu wanavifahamu.

Sifa nyingine nazo si za kubuni. Gari hili ni kimya, viti vyake havimchoshi msafiri atokaye Nairobi kupitia Narok, na limeinuka kutoka ardhini kuliko Probox, ambalo hapa kwetu ndilo punda wa kila mzigo.

Lakini umbo hudanganya. Umbo la Harrier ni la gari la nyikani, ilhali mengi ya yale yanayoletwa nchini husukumwa na magurudumu ya mbele peke yake. Masika yanapoingia, baina ya Machi na Mei, njia za udongo zikawa utelezi, gari hilo la fahari huwa sawa na motokaa yoyote ndogo, tena zito zaidi. Yale ya daraja la juu huvaa magurudumu ya inchi 18, yenye tairi za kingo fupi kuliko yale ya inchi 17, na mawe ya barabarani hayamwonei mtu huruma. Isitoshe, injini ya lita 2 imevuka sentimita 1500 za ujazo, kiwango ambacho juu yake ushuru wa bidhaa huongezeka. Probox liko chini ya hapo.

Kasoro inayonivutia mimi, mtu wa isimu, ni ya lugha. Mkipsigis alilipokea neno gari akalifanya "karit", likawa lake kabisa. Gari lenyewe halijawa tayari kufanya vivyo hivyo. Mengi yakiwashwa, sauti ya bibi wa Kijapani humwarifu dereva kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa. Dereva wa Sigor hana la kumjibu ila "kongoi". Ramani ni ya Japani. Redio ilitengenezewa masafa yanayoanzia megahezi 76, hivyo stesheni zetu zinazokaribia 108 hazishiki mpaka kifaa kingine kiongezwe. Hayo ni ya kuchekesha, lakini onyo la hitilafu likijitokeza kwa maandishi ya Kijapani, kicheko hukoma.

Tuje kwenye fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yazidi thuluthi mbili za mshahara. Wapo wanaoitazama thuluthi inayobaki kana kwamba sheria imewaamuru waishie hapo hapo. Huniambia kwamba heshima ya mwalimu yahitaji gari, na kwamba kijana akimwona mwalimu wake akishuka kutoka gari zuri ataamini elimu inalipa. Hoja hiyo siidharau. Hata hivyo, kijana huyo huyo hujua pia mwalimu anapokopa unga dukani, na karo ya mwana wa mwalimu inapochelewa darasa zima lina habari.

Kwa hiyo, mwalimu ambaye mshahara wake utabaki na nafasi ya kupumua, naye akaaye karibu na lami, namshauri anunue bila kusita, achague la inchi 17. Yule ambaye boma lake liko ndani, ng'ambo ya kijito, asitoe hata shilingi kabla ya kuinama chini ya gari na kuona kwa macho yake kama kuna mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.