Kukimbia kabla ya chai sawa, kushinda bila chai hapana

Saa 12 asubuhi, kabla foleni ya malori ya kwenda mpakani haijachangamka, barabara ya kutoka Tunduma kwenda Mpemba inakuwa ya wakimbiaji. Wapo vijana wa timu za mtaani wanaojiandaa na ndondo, wapo wa klabu za jogingi wanaopambana na vitambi, wapo bodaboda wanaonyoosha miguu kabla ya kukaa kwenye pikipiki siku nzima. Baridi ya Tunduma haina masihara, hasa Juni na Julai, lakini watu wanatoka.

Wakimaliza, ubishi ni uleule. Mtu anywe chai kwanza ndiyo akimbie, au akimbie kwanza ndiyo anywe chai? Upande mmoja unasema tumbo likiwa na kitu miguu inakuwa mizito na kichomi kinabana ubavuni. Upande wa pili unasema gari haliendi bila mafuta, na anayekimbia na njaa anajimaliza mwenyewe.

Wote wana hoja, ila wanabishania sehemu ndogo ya tatizo. Kukimbia kabla ya chai hakujawahi kuua kipaji cha mtu. Kinachomaliza wachezaji wa Tunduma na Songwe kwa ujumla ni kukimbia kabla ya chai, halafu chai yenyewe isije mpaka saa 5 au saa 6 mchana.

Tunduma ni mji wa malori, kwa hiyo mfano wa lori unaeleweka haraka. Mwili wa mchezaji una matangi mawili ya sukari ya akiba, ambayo wataalamu wanaiita glaikojeni. Tangi kubwa lipo kwenye misuli na linabeba gramu 300 hadi 500 hivi. Tangi dogo lipo kwenye ini, nalo linabeba kama gramu 80 hadi 100. Mtu akilala miguu inapumzika, hivyo tangi la misuli linabaki karibu kama lilivyoachwa. Ubongo ndio haupumziki. Usiku kucha unakula sukari, na inayoutunza ni ile ya kwenye ini. Alfajiri tangi hilo dogo linakuwa limeshuka sana.

Maana yake nini? Kijana aliyekula ugali na maharage ya kutosha saa 2 usiku anaweza kuamka, akanywa maji, akakimbia polepole dakika 30 hadi 40 bila shida yoyote. Tangi la misuli bado lina mzigo wa kumfikisha Mpemba. Anayemwambia kwamba ataanguka njiani anamtisha bure. Upande wa kwanza hapo umeshinda.

Lakini sharti lipo kwenye ule ugali wa jana. Mchezaji aliyefanya mazoezi jana saa 10 jioni, akarudi geto na kulalia kikombe cha chai na andazi moja, anaamka matangi yote mawili yakiwa chini. Huyo swali lake halianzi asubuhi. Lilianza jana usiku, na hakuna chai ya saa 11 alfajiri inayoweza kulijibu lote.

Halafu kuna suala la aina ya mazoezi, na hapa ndipo watu wa soka wanapochanganya mambo. Mbio za pole na mazoezi ya mpira ni vitu viwili tofauti. Anayekimbia polepole, mwili unachoma mafuta mengi pamoja na sukari kidogo, na mafuta kila mtu anayo, hata mwembamba. Anayepiga mbio fupi za kasi, anayepanda kilima, anayecheza saba kwa saba kwa nguvu, anatumia sukari zaidi. Mafuta hayachomeki haraka kiasi cha kumfikisha winga kwenye mpira kabla ya beki.

Mchezaji wa mpira kwenye mechi ya dakika 90 anatembea na kukimbia kilomita 10 hivi, lakini mechi haiamuliwi na kilomita hizo. Inaamuliwa na zile mbio za mita 10 na 20 anazorudia mara nyingi. Kocha anayewapigisha vijana mbio za kasi saa 12 asubuhi wakiwa hawajala, kisha analalamika kwamba hawana pumzi, anakagua kitu kisichopo. Siku ya mazoezi makali, kitu chepesi kabla ni lazima: ndizi mbivu moja, kikombe cha uji mwepesi wa ulezi, au chai yenye sukari na kipande cha mkate, nusu saa hadi saa moja kabla ya kuanza. Chapati mbili na supu ya utumbo siyo kitu chepesi. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, na hapo ndipo kichomi kinapotokea.

Wale wa klabu za jogingi nao wana imani yao, kwamba kukimbia na njaa kunayeyusha kitambi haraka. Ni kweli kwamba mtu asiyekula anachoma mafuta zaidi wakati ule anakimbia. Ila mwili unafanya hesabu ya siku nzima, siyo ya saa moja. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Brad Schoenfeld, na wenzake walichapisha jaribio la wanawake vijana 20 waliofanya mazoezi kwa wiki 4, nusu yao wakiwa hawajala na nusu wakiwa wamekula, wote wakiwa kwenye mpango wa chakula unaofanana. Mwisho wa siku uzito na mafuta vilipungua kwa makundi yote mawili, na tofauti ya maana kati yao haikuonekana. Jaribio ni dogo, lakini linatosha kumwambia mwenye kitambi kwamba dawa yake ni kiasi anachokula kutwa nzima, siyo saa anayokunywa chai.

Kisha unakuja mfano unaopendwa vijiweni kuliko yote: Wakenya. Mbona Wakenya wanakimbia saa 12 asubuhi bila kula na wanachukua medali dunia nzima? Ni kweli, wengi wanakimbia bila kula. Ila anayesimulia huishia hapo, wakati habari inaendelea. Utafiti uliochapishwa 2004 uliwafuatilia wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu wa Kenya wakiwa kambini, ukipima kila walichokula. Zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyopata ilitokana na vyakula vya wanga: ugali, wali, viazi, mkate na sukari ya kwenye chai. Walikula mara 5 kwa siku. Wakitoka kwenye mbio za asubuhi, kifungua kinywa kilikuwa kinawasubiri saa 2, na saa 4 walikula tena. Usiku walikula vya kutosha.

Kwa hiyo Mkenya anakimbia kabla ya chai kwa sababu ana uhakika na chai. Sufuria ipo motoni wakati yeye yupo barabarani. Kijana wa Tunduma ameiga nusu ya kwanza ya ratiba hiyo na kuiacha nusu ya pili, ambayo ndiyo inayojenga mwili.

Ratiba yake yeye ikoje? Saa 1 na nusu anamaliza mbio. Anaoga harakaharaka, anakimbilia mpakani. Kuna anayepakua mizigo, kuna anayesukuma mkokoteni, kuna anayeuza vocha na maji kwa madereva wa malori, kuna wa bodaboda anayewahi abiria wa Nakonde. Kazi zote hizo ni za mwili. Mlo wa kwanza anaukuta kwa mama lishe saa 5 au saa 6, pesa ikishapatikana. Saa 10 jioni yupo uwanjani tena, na watu wamejaa pembeni wanamtaka afunge.

Wataalamu wa lishe ya michezo wana kanuni inayojulikana: mtu atakayefanya kazi nyingine ya nguvu siku hiyohiyo anatakiwa apate gramu 1 hivi ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa ya kwanza baada ya mazoezi, na aendelee kula mara kwa mara saa chache zinazofuata. Kijana wa kilo 60 anahitaji kama gramu 60. Kwa makadirio ya mtaani, hayo ni maandazi mawili ya saizi ya kawaida na kikombe kikubwa cha chai yenye sukari. Akiongeza yai, maziwa, maharage au karanga, misuli inapata kitu cha kujikarabati. Haihitaji unga wa kopo kutoka nje wala kinywaji cha rangi. Mbozi inalima mahindi na maharage, ulezi upo, viazi vipo. Chakula cha mwanamichezo kinapita barabarani kila siku kwenye magunia.

Asipokula, mwili haugomi siku ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unagoma taratibu. Mchezaji anaanza kuchoka dakika ya 60. Anachelewa kwenye mipira ambayo msimu uliopita aliiwahi. Misuli inakaza, majeraha madogo hayaponi, mafua hayaishi. Mashabiki wanasema amekwisha, amelewa sifa, au amerogwa. Hakuna anayeuliza kama amekula.

Wapo makocha wa mchangani wanaoamini kwamba njaa inamkomaza mchezaji. Wanasikia kwamba hata Ulaya kuna wanamichezo wanaofanya mazoezi na sukari kidogo mwilini. Wapo, lakini wanafanya hivyo siku chache zilizochaguliwa, kwenye mazoezi mepesi, mtaalamu wa lishe akiwa pembeni, na wakimaliza wanakaa mezani. Ni njaa ya kupanga. Ya Tunduma ni ya kukosa, na mtaani wanasema njaa haina baunsa.

Mkoa wenyewe nao haufanani. Tunduma na Vwawa zipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inamfanya mtu asisikie kiu. Anarudi kutoka mbio akidhani hakutoa jasho, kumbe sweta limelowa. Kule Kamsamba, bondeni Momba, joto linaanza mapema, na anayesubiri chai itulie tumboni atakimbia juani. Huko kuwahi kutoka ni bora, ila maji yatangulie. Na popote pale, mwenye kisukari anayetumia dawa asiingie kwenye ubishi huu. Aongee kwanza na daktari wake, maana sukari ikishuka njiani siyo jambo la utani.

Watoto nao wana kesi yao. Kila mwaka ikikaribia UMITASHUMTA na UMISSETA, shule zinaongeza mchakamchaka na mazoezi ya alfajiri, na kwa Songwe huo ndio msimu wa baridi. Mtoto ana akiba ndogo kuliko mtu mzima, na bado anakua. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba karibu watoto 3 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni ya nyanda za chakula kama Songwe, ndiyo iliyoongoza. Kulima chakula na kukila asubuhi ni mambo mawili. Mwalimu wa michezo anayekimbiza watoto kabla ya masomo bila uji wa kuwarudia, anawachukulia nguvu ambayo darasa litaitafuta saa 3 na kuikosa.

Dawa yake haihitaji wafadhili. Timu za mtaani zinachanga kwa ajili ya jezi, zinachanga kwa ajili ya waamuzi, zinachanga kukodi Noah ya kwenda Vwawa kwenye mechi. Sufuria moja ya uji wa ulezi wenye karanga na sukari kwa wachezaji 20, siku 3 za mazoezi ya asubuhi kwa wiki, ni mchango ambao kijiwe kimoja kinaweza kuumudu. Mama lishe wa mtaani anaweza kukubaliwa kulipwa mwisho wa wiki. Sharti liwe moja tu: hakuna anayeondoka kwenda mpakani kabla ya kikombe chake kuisha.

Songwe siyo mkoa wa kudharauliwa kwenye soka. Songwe United imewahi kucheza Championship, na vijana wanaotamani kuvaa jezi za Ligi Kuu wamejaa kuanzia Tunduma hadi Ileje. Siku skauti atakapokuja atakaa pembeni ya uwanja saa 10 jioni. Hatajua kwamba winga anayemtazama alikimbia saa 12 asubuhi, akapakua lori la mahindi saa 3, na akala mara ya kwanza saa 6. Ataona tu kijana mwenye kipaji aliyeisha pumzi kipindi cha pili, ataandika jina la mwingine kwenye daftari lake, na kijana atarudi mpakani akidhani hana bahati.