"Ameshazoea": Neno Dogo Linalowachelewesha Wajawazito

Katika lugha yetu yamo maneno yanayosemwa kwa sauti ya upole ilhali kazi yake ni kufunga mjadala. Mojawapo ni hili: "ameshazoea." Mwanamke anayesubiri mtoto wa kwanza husindikizwa na ukoo mzima, mama yake husafiri kutoka kijijini, mawifi hupokezana zamu, na mkunga humweleza kila hatua. Anayesubiri mtoto wa tatu huambiwa, kwa tabasamu, kwamba ameshazoea. Akisema hapati usingizi, ameshazoea. Akisema miguu imevimba na kichwa kinamgonga, ameshazoea. Akiuliza iwapo damu ya kundi lake ipo katika kituo atakachojifungulia, hutazamwa kama mtu anayejitakia mkosi.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba neno hilo si faraja. Ni sera isiyoandikwa, inayotekelezwa nyumbani, ofisini na wodini, na wahanga wake wapo. Hofu ya mwanamke katika wiki za mwisho za mimba ya tatu haitokani na ugeni wala udhaifu. Inatokana na ujuzi. Amekwisha kupita njia hiyo mara mbili na anajua vizuri ni wapi daraja ni bovu. Jamii iliyostaarabika hujibu hofu ya namna hiyo kwa maandalizi. Sisi tunaijibu kwa mzaha.

Tuanze na mwili wenyewe. Ni kweli kwamba uchungu wa mwanamke aliyekwisha kuzaa kwa kawaida huwa mfupi kuliko wa mzazi wa kwanza. Lakini kwa mkazi wa mbali na kituo cha afya, ufupi huo una maana kwamba muda wa kutafuta usafiri nao umepungua. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ambako ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi duniani, huwapata wanawake wengi wasiokuwa na dalili yoyote ya awali. Kifafa cha mimba, ingawa huwaandama zaidi wenye mimba ya kwanza, hakimwachi kando aliyezaa salama mara mbili, hasa umri unapokuwa umesonga. Na aliyejifungua kwa upasuaji mara mbili huingia katika mimba ya tatu akiwa na makovu mawili kwenye mji wa mimba, na kila kovu huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza mahali pabaya. Tunapomwambia mwanamke huyu kwamba ameshazoea, tunazungumzia moyo wake. Yeye anazungumzia mwili wake.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walitoa maelezo ya vifo hivi ambayo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya afya: ucheleweshaji wa aina tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Pili, kuchelewa kufika mahali penye huduma. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nawaalika wanafunzi wangu wafanye zoezi dogo: waliweke neno "ameshazoea" katika kila ngazi ya hizo tatu, kisha waone linavyofanya kazi. Nyumbani, linaahirisha uamuzi hadi kesho asubuhi. Njiani, hakuna aliyetenga nauli wala kuzungumza na mwenye gari, kwa sababu mara mbili zilizopita mambo yalikwenda yenyewe. Wodini, mama anaachwa peke yake, kwa kuwa aliye kitanda cha jirani ndiye "mimba ya kwanza." Neno moja linahudumu katika vituo vyote vitatu vya msiba.

Sisemi kwamba taifa limelala. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Uzazi unaofanyika katika vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Mfumo wa m-mama, kupitia namba ya dharura 115 isiyotozwa, umewaunganisha madereva wa kijamii na wajawazito ambao gari la wagonjwa lisingewafikia kwa wakati. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo na Gates Foundation kwa mafanikio hayo. Mwenye haki ya kusifiwa na asifiwe.

Lakini tuzo hutolewa kwa njia iliyokwisha kupitwa, nasi tunapaswa kuzungumzia njia iliyobaki. Utafiti huohuo wa 2022 unaonyesha kwamba ni asilimia 65 tu ya wajawazito waliohudhuria kliniki mara 4 au zaidi. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linapendekeza mahudhurio 8, na 5 kati ya hayo yamewekwa katika miezi mitatu ya mwisho. Sayansi inakaza macho mwishoni mwa mimba. Sisi ndipo tunapoyalegeza. Ni jambo linalojulikana pia katika tafiti za nchini mwetu kwamba kadiri mwanamke anavyoongeza idadi ya uzazi, ndivyo uwezekano wa kujifungulia kituoni unavyopungua. Anayeambiwa kila siku kwamba amezoea, hatimaye huamini, akabaki nyumbani.

Natangaza maslahi, kama inavyotakiwa katika hoja ya umma: mke wangu yuko katika wiki ya 37 ya mimba ya mtoto wetu wa tatu. Wasiwasi wake hauelei hewani, una orodha. Nani atabaki na watoto wawili wakubwa iwapo uchungu utaanza saa nane usiku? Barabara ya mtaani kwetu itapitika mvua ikinyesha? Nani miongoni mwa ndugu ana damu inayolingana na yake? Hivi karibuni alikwenda kliniki, akaeleza kwamba tangu siku iliyotangulia mtoto alikuwa amepunguza kucheza tumboni. Akajibiwa: "Mama, wewe si mgeni hapa. Wakikaribia kutoka huwa wanatulia." Mke wangu ni mwalimu, na hakuondoka. Alisimama palepale hadi mapigo ya moyo wa mtoto yaliposikilizwa. Yalikuwa sawa, tunamshukuru Mungu.

Simlaumu muuguzi yule kama mtu binafsi. Foleni iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu kuliko benchi. Ninachohoji ni utaratibu unaomwezesha mtu mmoja mwenye haraka kutumia uzoefu wa mgonjwa kama sababu ya kutompima. Kupungua kwa mchezo wa mtoto tumboni ni dalili inayofundishwa kwamba ichunguzwe, awe ni mtoto wa kwanza au wa saba. Mwenye elimu na lugha ya kudai amedai, akapimwa. Binti aliyetoka shambani, anayemwogopa mtu mwenye sare nyeupe, angeitikia "haya, asante" na kurudi nyumbani. Haki inayopatikana kwa kubishana si haki ya wote.

Tuje kwenye fedha. Sera ya taifa inatamka kwamba huduma kwa wajawazito ni bure. Hata hivyo, katika maeneo mengi familia inaifahamu orodha ya vifaa vya kujifungulia ambayo mama hutakiwa kwenda navyo: glavu, pamba, uzi au kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika kitandani, sindano, na kanga za kutosha. Kwa mtoto wa kwanza, ukoo huchangishana. Kwa mtoto wa tatu hakuna anayechanga; inadhaniwa kwamba wazazi wamejipanga, ilhali ndio wakati wanapolipia sare na madaftari ya wale wawili. Bure inayofuatana na orodha ya manunuzi ni bure ya kwenye karatasi.

Majirani zetu wa Uganda walilipeleka suala la aina hii mahakamani. Mwaka 2011 wanaharakati walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba kufuatia vifo vya wanawake wawili, mmoja Mityana na mwingine Arua, waliofariki kwa uzazi katika hospitali za umma. Mwaka 2012 mahakama ilikataa kulisikiliza, ikisema ni suala la kisiasa. Hawakukata tamaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamuru shauri lirudishwe na lisikilizwe, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vya umma ni ukiukaji wa katiba. Ilichukua miaka 9. Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya 1977 nayo inatambua haki ya kila mtu ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Maneno tunayo. Yanasubiri watu wa kuyatumia.

Hata sheria zetu za kazi zimeambukizwa dhana hii ya mazoea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, lakini ndani ya mzunguko wa likizo wa miezi 36. Mimba ya tatu isiyosubiri kalenda ya mwajiri humkuta mama katika majadiliano na ofisi ya rasilimali watu badala ya kumkuta katika mapumziko. Baba hupewa siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Katika siku hizo 3 anatakiwa amtoe mkewe hospitali, awapikie na kuwapeleka shule watoto wawili, ashughulikie cheti cha kuzaliwa na arudi ofisini akiwa mchangamfu. Mtunga sheria alidhani kwamba nyumbani yupo bibi asiyechoka. Mijini bibi huyo hayupo, na vijijini naye ana shamba.

Najua majibu yatakayokuja. Wapo watakaosema kwamba bibi zetu walizaa watoto kumi bila kelele. Walizaa, naam, na wengi walizikwa bila kelele vilevile. Wazee hawakusema bure kwamba mjamzito ana mguu mmoja kaburini. Walisema hivyo kwa sababu walikuwa wakihesabu majeneza. Wengine watadai kwamba makala kama haya yanawatia wajawazito hofu. Lakini hofu ipo tayari, na inakaa macho usiku kucha. Kinachomtuliza mama ni kujua kwamba gari lipo, damu ipo na mkunga yupo. Kumkataza kuuliza hakumtulizi. Kunamfanya aogope peke yake. Wapo pia watakaosema kwamba nchi ni maskini. Kupima shinikizo la damu, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kumuuliza mama atasafiri vipi ni mambo ya dakika chache, na hayahitaji mkopo kutoka nje.

Basi, kila mmoja ana sehemu yake. Watumishi wa umma katika halmashauri: vifaa vya kujifungulia viingie katika mipango na bajeti zenu kwa jina na idadi, na kila kituo kibandike ukutani hali ya akiba yake ya damu na ya oksitosini, dawa ya kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua. Dawa hiyo hupaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8; jokofu lililokufa katika zahanati ni habari ya uhai, wala lisisubiri taarifa ya robo mwaka. Wanaharakati: someni shauri la Uganda kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha mdai marekebisho ya likizo ya baba na ya ule mzunguko wa miezi 36. Wanafunzi: Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapokuja chuoni, nyoosheni mikono. Chupa moja ya damu ina thamani kuliko mabango mia moja ya Siku ya Wanawake.

Na sisi sote, tulio kaka, mashemeji, majirani na wakuu wa idara, tuliache neno hili. Safari ijayo utakapokutana na mwanamke anayesubiri mtoto wa tatu, muulize maswali matatu. Usafiri umepatikana? Mchangia damu yupo? Nani atabaki na watoto? Jibu likiwa "bado" hata kwa moja, basi una kazi ya kufanya kabla ya kwenda kulala.