Msimdharau Mtafsiri wa Kibandani

Wapo miongoni mwa wapenzi wa ushairi, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu, wanaoamini kwamba yule mtu anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, ambaye vijana humwita "DJ", anaharibu mambo mawili kwa pamoja: filamu na lugha. Mimi niliyejifunza tunzi na tafsiri peke yangu, kwa vitabu vya kuazima, nasema wamekosea. Mtafsiri wa kibandani ni mjukuu wa watunzi wa tenzi. Anayemcheka anamcheka babu yake mwenyewe.

Mwaka 1728, kule Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka. Kisa chenyewe hakikuzaliwa Pate. Ni kisa cha vita baina ya Waislamu na majeshi ya Herakali, mfalme wa Rumi, kilichopokewa kutoka katika masimulizi ya Kiarabu. Mwengo alikitia katika mizani na vina, akawapa mashujaa wake lugha ya watu wa visiwani. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000, nao una asili ya namna hiyo hiyo. Leo tukizitaja kazi hizi tunakaa kwa adabu, na tunastahili kukaa hivyo. Lakini tuondoe utaji wa miaka, tuzitazame: ni visa vya mapanga, farasi na majitu, vilivyotoka ng'ambo, vikasimuliwa upya na mtu wa hapa kwa wasikilizaji ambao wengi wao hawakuijua lugha ya asili. Kibandani kuna kazi gani nyingine zaidi ya hiyo?

Huku kwetu Ruangwa, kama ilivyo jirani Nachingwea, wengi hawakuijua filamu kwa njia ya jumba la sinema. Waliijua kwa kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na joto la watu waliobanana. Humo Commando ya mwaka 1985 na visa vya Rambo vilipata maisha ya pili. Jina la Rambo lilihamia hata sokoni, tukauita mfuko wa plastiki "rambo" mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Humo pia tulipata neno "steringi", pamoja na kanuni yake inayojulikana na kila mtoto, kwamba steringi hafi. Siku hizi mpira umechukua sehemu kubwa ya vibanda, na filamu zimehamia kwenye simu na memori kadi. Sauti ya mtafsiri imehama pamoja nazo. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wanajulikana na watu ambao hawajapata kusikia jina la mtafsiri hata mmoja wa vitabu, nikiwamo mimi.

Sasa tuzitazame filamu zenyewe, hizi za majina makubwa, tuone kama kweli zinaharibika zikisemewa.

Black Panther ya mwaka 2018 ni filamu ya fahari, na sitamnyima mtu furaha aliyoipata. Lakini Waafrika wa Wakanda, nchi ambayo kisa kinadai haikupata kutawaliwa, huzungumza Kiingereza karibu muda wote, na Kikhosa wanakionja tu. Nchi isiyotawaliwa ilikitoa wapi Kiingereza? Nilipoisikia yenye sauti ya Kiswahili, doa hilo lilififia. Mfalme alisema kama mfalme anayeweza kueleweka na raia wake.

The Woman King ya mwaka 2022 ina mapigano ya kusisimua, na Viola Davis anabeba huzuni ya jemadari kwa uso tu, bila maneno mengi. Hata hivyo kisa kinamwonesha mfalme Ghezo wa Dahomey akigeuka kuipinga biashara ya watumwa, ilhali Ghezo wa kweli aliendelea nayo kwa miaka mingi baada ya 1823, mwaka ambao kisa kimewekwa. Huku kusini, ambako misafara ya watumwa ilipita kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje na Lindi, jambo hilo si dogo. Wajukuu wa waliopitishwa na wajukuu wa waliopitisha wanakaa benchi moja.

Oppenheimer ya mwaka 2023 ni saa tatu za watu kuzungumza, na ilitunukiwa Oscar 7. Ni filamu nzito, iliyotengenezwa na watu wanaoijua kazi yao. Lakini sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya watu wasemao Kiswahili, na jina hilo halisikiki katika saa zote tatu. Mtafsiri akilitamka pale, kwa sentensi moja tu, atakuwa ameiharibu filamu au ameikamilisha?

Najua jibu la wapinzani wangu: mtafsiri haongezi. Nami nikitafsiri shairi siongezi, kwa kuwa msomaji haoni mpaka kati ya neno langu na la mtunzi. Kibandani mambo ni mengine. Mtafsiri yupo hadharani, sauti yake inajulikana, kama mtambaji wa hadithi anayemweleza mtoto neno gumu kisha akarudi kwenye kisa. Sharti ni moja: asikilizaye aweze kutenganisha maneno ya mhusika na maneno ya msimulizi. Anayelivunja sharti hilo na alaumiwe. Alaumiwe pia anayejaza kila kimya kwa kelele, anayemtusi mwanamke kwa kuwa watazamaji watacheka, anayetunga mazungumzo kwa kutoijua lugha ya filamu. Makosa hayo yapo, tena mengi. Lakini tenzi mbovu nazo ni nyingi, na hatukuwahi kusema utenzi ufutwe. Tuliziandikia uhakiki. Uhakiki wa tafsiri za filamu uko wapi katika majarida yetu?

Hoja nzito zaidi ni ya hakimiliki. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na mwenye mali ana haki ya mali yake. Siitetei biashara ya kunakili kazi ya mtu bila idhini. Ila na tuwaulize wenye mali. The Lion King ya mwaka 1994 ilichota kwetu majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa, na kampuni ya Disney ikasajiliwa Marekani, mwaka 2003, maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara. Filamu hiyo ilipewa sauti za Kizulu, na Wazulu walistahili. Kiswahili, kilichotoa majina, hakikupewa sauti zake. Watazamaji wa Ujerumani, Ufaransa na Italia hupewa filamu kubwa katika lugha zao, kwa idhini na kwa malipo. Sisi tukinyimwa mlango, kijana akaingia dirishani, tunamkemea yeye peke yake?

Tangu UNESCO ilipoitangaza Siku ya Kiswahili mwaka 2021, kila tarehe 7 Julai hotuba hazikosekani. Ni vizuri. Lakini kuna mama wa hapa Ruangwa anayelima ufuta, asiyesoma maandishi yanayokimbia chini ya picha, na asiyejua Kiingereza. Kwake yeye lugha ya hotuba haikuileta filamu. Aliyeileta ni yule tunayemdharau. Na wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende.

Nawaomba malenga wa visiwani na wa mwambao washuke vibandani. Mna msamiati wa vita, wa mapenzi na wa bahari ambao mtafsiri kijana hana; yeye ana wasikilizaji ambao ninyi hamna. Kaeni naye, msahihisheni, mpeni maneno. Na vyama vyetu vya lugha viwadai wenye filamu sauti za Kiswahili zenye idhini na ujira.

Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliifikia nchi hii ya Wamwera. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi. Hollywood bado haijavigusa, ila ipo siku itavitaka, kwa kuwa vina kila kitu inachokipenda. Siku hiyo Kinjikitile atasimama mbele ya kamera kuwaambia watu wake habari za maji. Tusipokuwa na watu waliozoezwa kumpa sauti, atawaambia kwa Kiingereza, nasi tutabaki tukiyasoma chini ya picha maneno ya mzee wetu wenyewe.